Mtandao wa waya ofisini: mwongozo kamili kuanzia kukata kebo hadi kompyuta kuonana

Hajjati mmoja mwenye duka la uchapishaji Nasser Road, Kampala, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, bando nimelipa jana tu, mbona kompyuta haziioni printa?"

"Bando halihusiki hapo, Hajjati," nikamjibu. "Usilipe tena. Nakuja."

Nilikuta kompyuta nne, printa moja kubwa, swichi inayometameta kama taa za harusi, na kijana aliyebana zile kebo amekaa kwenye stuli anakula rolex yake, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, keshakata tamaa. Alikuwa amebadilisha ruta na kuweka Windows upya kwenye kompyuta mbili. Kosa lilikuwa kwenye ncha za kebo, mahali pasipofika hata sentimita mbili.

Nimeitwa kwa kosa la aina hii Kampala, Bombo na hata Arua, na kila mara mtu ameanzia juu, kwenye programu, badala ya chini, kwenye waya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini. Historia ya nani aliyeibuni teknolojia hii tutairuka. Istilahi nitazieleza pale zinapohitajika, ukiwa umeshika koleo mkononi.

## Kwanza tuelewane: ethaneti si intaneti

Ethaneti ni utaratibu wa vifaa vilivyo karibu kuzungumza kwa kupitia waya. Kompyuta inatuma faili kwa jirani yake, jirani anaipokea, basi. Haihitaji bando, haihitaji laini ya simu, wala haijali kama kampuni ya intaneti imekukatia huduma tangu juzi.

Intaneti ni dunia iliyo nje ya mlango, na ruta ndiyo mlango wenyewe. Mlango ukifungwa, watu waliomo ndani bado wanaweza kuongea. Kwa hiyo ukikosa intaneti huku printa ya mtandaoni inachapa, ethaneti yako ni nzima. Printa nayo ikikataa, anza kukagua waya.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujatoboa ukuta

- Kebo ya Cat5e au Cat6 (hayo ni madaraja ya kebo za mtandao), ya shaba tupu.
- Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kwenye ncha za kebo: viwili kwa kila kebo, na kumi vya ziada. Utaharibu vingine, usione haya.
- Koleo la kubania vichwa, lenye wembe wa kumenyea.
- Testa ya kebo, ile yenye vipande viwili na taa nane.
- Swichi ya gigabiti yenye matundu nane. Swichi hii si ile ya ukutani ya kuwashia taa. Ni kisanduku cha kuunganishia kompyuta.
- Ruta, kama unataka pia intaneti.
- Mifereji ya plastiki ya kufichia kebo, kalamu ya wino usiofutika na utepe.
- UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ya kulishia swichi na ruta.

Testa ndiyo watu wengi huiacha wakidai ni gharama. Mimi sibani hata kichwa kimoja kama sina testa. Bila testa utashinda unabahatisha, na mteja akikuangalia.

Vichwa navyo vina aina. Nyaya za ndani za Cat6 mara nyingi ni nene kidogo kuliko za Cat5e, kwa hiyo mwambie muuzaji ni vya kebo gani. Kuna pia kebo ambazo kila waya ni kipande kimoja kigumu, nazo ni za kulaza ukutani. Nyingine kila waya ni nyuzi nyembamba nyingi, nazo ni zile fupi laini za kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta. Kichwa kisichoendana na aina ya waya kitashika leo, kesho kitalegea.

## Hatua ya 1: Chora

Chukua karatasi, chora chumba, weka alama kila kompyuta ilipo, kisha chagua mahali pa swichi: pakavu, karibu na soketi ya umeme, mbali na jiko na mbali na mlango unaoingiza mvua.

Kutoka kwenye swichi, kila kifaa kinapata kebo yake mwenyewe. Umbo linalotokea ni la nyota. Sababu yake ni nyepesi: kebo moja ikikatwa, kifaa kimoja tu ndicho kitakachopotea. Usiunganishe swichi hii kwa ile, na ile kwa nyingine, kama foleni ya ng'ombe. Ukifika ya nne hutajua tena tatizo liko wapi.

Kebo moja isizidi mita 100, kutoka kifaa hadi kifaa. Katika hizo, 90 ni za kebo iliyolazwa ukutani na 10 zinazobaki ni za kebo fupi za mwanzo na mwisho. Duka la kawaida halifiki huko, lakini shule yenye majengo mbalimbali inafika bila wewe kujua, kwa sababu kebo haipiti hewani kama ndege: inapanda, inazunguka, inashuka. Pima njia yake kwa kamba.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye idadi ya kebo, urefu wa kila moja, na namba ya kila moja.

## Hatua ya 2: Nunua kebo, usinunue jina

Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 inabeba kiasi hichohicho kwa umbali huohuo, na inaweza kufika gigabiti 10 kwa umbali mfupi, mita 55 hivi. Kwa ofisi ya kompyuta tano, Cat5e nzuri inatosha kabisa. Cat6 mbovu haitoshi.

Na mbovu zipo tele. Kuna kebo ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba na inakatika ukiikunja mara chache. Ukiitumia kulisha kamera kwa umeme unaopita ndani ya kebo ileile, inapata joto kuliko inavyopaswa.

Jaribu hivi dukani, muuzaji akikuangalia: chukua kipande, menya waya mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe wa fedha ndani, ni alumini. Shaba ni nyekundu mpaka kwenye kiini. Boksi nalo linasema: la alumini ni jepesi mno kwa ukubwa wake. Muuzaji akikataa usikwangue, umeshapata jibu.

## Hatua ya 3: Laza kebo

Andika namba kwenye ncha zote mbili za kebo *kabla* ya kuipitisha. Ukiandika baadaye utaandika vibaya.

Iache mbali na nyaya za umeme wa ukutani, shubiri moja hivi. Umeme wetu wa volti 240 unatoa kelele ambayo kebo ya data inaisikia. Pale ambapo lazima zikutane, zipishane kama msalaba. Zisilale pamoja kama mume na mke.

Usikunje kebo kwa kona kali kama karatasi. Kona yake iwe ya mviringo, upana wake usipungue ule wa kikombe cha chai. Usiivute kwa nguvu, wala usiipigilie misumari ya kubana hadi ikabonyea. Ndani yake mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na msokoto ule una kazi: kelele ya nje inaingia kwenye nyaya zote mbili za jozi kwa usawa, na kifaa cha upande wa pili kinaifuta kelele hiyo. Ukibonyeza kebo umevuruga msokoto, na kelele ikaingia.

Acha ziada ya mita moja kila upande. Utaihitaji siku kichwa kitakapoharibika.

Tahadhari ya radi. Ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi sana duniani. Usipitishe kebo ya shaba hewani kutoka jengo hadi jengo. Radi ikipiga jirani tu, umeme unaingia kwenye kebo, unachoma swichi, na kutoka hapo unatembelea kila kompyuta. Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo, yaani faiba, ambazo hazipitishi umeme, au jozi ya antena zisizo na waya. Nimeshuhudia shule moja ikipoteza vifaa vyote vya maabara ya kompyuta katika alasiri moja, kwa sababu ya kebo moja iliyofungwa kwenye mti wa mwembe.

Panya ni suala jingine. Mifereji ya plastiki inasaidia, paka anasaidia zaidi.

## Hatua ya 4: Bana vichwa (hapa ndipo wengi huanguka)

Menya ganda la nje kama sentimita tatu. Angalia usijeruhi nyaya za ndani. Ukiona hata mkwaruzo mdogo, kata, anza upya.

Utaona jozi nne: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Kila jozi ina waya wenye rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Fungua misokoto, nyoosha nyaya kwa vidole, zipange kwa utaratibu huu kutoka kushoto. Shika kichwa kikiwa na kile kiulimi cha kubonyeza upande wa chini, visu vya dhahabu vikikutazama, tundu la kuingizia nyaya likiwa upande wako:

1. nyeupe-chungwa
2. chungwa
3. nyeupe-kijani
4. buluu
5. nyeupe-buluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Mpangilio huu unaitwa T568B. Upo pia T568A, ambao unabadilishana tu nafasi za jozi ya chungwa na ya kijani. Hakuna ulio bora. Chagua mmoja, uutumie ncha zote mbili, jengo zima. Zamani kompyuta mbili ziliunganishwa kwa kebo yenye A upande huu na B upande ule. Vifaa vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo huhitaji tena kebo ya namna hiyo.

Sasa angalia namba 3 na 6. Jozi ya kijani imetenganishwa, imeikumbatia ya buluu katikati. Hapo ndipo kijana wa Hajjati alipokosea, na simlaumu, kwa sababu akili ya kawaida inasema jozi zikae pamoja. Alipanga chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, vizuri kabisa kama shanga. Ncha zote mbili alizipanga hivyohivyo. Testa ikawasha taa zote nane kwa mfuatano, moja hadi nane. Akafurahi.

Lakini swichi haijui rangi. Inajua kwamba nafasi ya 3 na ya 6 ni jozi moja. Kwa mpangilio wake, namba 3 ilikuwa waya wa kijani na namba 6 waya wa buluu. Nyaya mbili zisizosokotana zikawa zinabeba ujumbe mmoja, na kelele ikaingia kwa raha zake. Kebo fupi ya mita mbili ilifanya kazi. Ya mita kumi na tano ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache.

Testa ya bei nafuu haikamati kosa hili, kwa sababu inauliza tu kama waya unafika, haiulizi unasafiri na nani. Macho yako ndiyo testa pekee hapo. Vichwa ni vya plastiki angavu kwa makusudi: tazama rangi kabla ya kubana, tazama tena baada ya kubana.

Endelea. Nyaya zikishapangwa, zikate kwa pamoja ziwe sawa, zibaki kama milimita 13 tangu ganda lilipoishia. Usiache ndefu zaidi, kwa maana kila milimita isiyosokotwa ni dirisha la kelele. Zisukume ndani ya kichwa mpaka uone ncha za shaba zimegusa ukuta wa mbele, zote nane. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa, ili kile kibanio cha nyuma kishike ganda, kisishike nyaya tupu. Kisha bana kwa nguvu, mara moja, mpaka koleo lifike mwisho.

Umefaulu ukiwa unaweza kuvuta kichwa kwa mkono na kisitoke, na rangi unazisoma kwa sauti kutoka 1 hadi 8 bila kusita.

## Hatua ya 5: Pima kila kebo

Ingiza ncha moja kwenye kipande kikubwa cha testa, nyingine kwenye kidogo. Taa ziwake moja hadi nane kwa mfuatano uleule pande zote mbili.

Taa moja haiwaki: waya huo haukufika mbele ya kichwa, au umekatika njiani. Mara nyingi ni kichwa. Taa zinaruka, mfano upande mmoja 3 na mwingine 6: umekosea mpangilio ncha moja. Taa ya G isipowaka usijali. Hiyo ni ya kebo zenye ganda la chuma.

Usichomeke testa kwenye kebo ambayo upande wa pili uko kwenye swichi inayolisha kamera umeme. Unaweza kuiunguza testa.

## Hatua ya 6: Unganisha swichi na ruta

Nyuma ya ruta kuna tundu moja lililo peke yake, mara nyingi la rangi tofauti, limeandikwa WAN. Hilo linapokea intaneti kutoka nje. Mengine yameandikwa LAN, nayo ni ya ndani. Kebo ya kutoka kwenye swichi iingie LAN. Nimekuta watu wawili wameiingiza WAN, na wote waliapa ruta ni mbovu.

Swichi yenyewe haina mpangilio wa kufanya. Ichomeke umeme, chomeka kebo, imekwisha. Lakini ni vizuri kujua inachofanya, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa.

Kila kifaa cha ethaneti kina jina lake la kuzaliwa nalo, anwani ya MAC. Ni tarakimu na herufi 12 zilizogawanywa mbilimbili, kwa mfano 00-1A-2B-3C-4D-5E. Data ikisafiri inakatwa vipande viitwavyo fremu, na kila fremu ina MAC ya mpokeaji, MAC ya mtumaji, mzigo usiozidi baiti 1,500 kwa kawaida, na mkiani namba ya ukaguzi.

Fikiria mwendesha boda aliyehamia mtaa mpya. Siku ya kwanza ana kifurushi cha mtu asiyemjua, anapiga honi kwenye kila geti. Lakini kila anayempa mzigo, anaangalia katoka geti lipi, anakumbuka. Baada ya muda mfupi hapigi honi tena, anakwenda moja kwa moja. Swichi ni huyo. Inasoma MAC ya mtumaji, inaandika imetoka tundu lipi, na fremu ya asiyejulikana inaipeleka kwenye matundu yote isipokuwa ilikotoka.

Namba ya ukaguzi nayo ina lake. Fremu ikifika imeharibika kwa kelele, namba haitalingana, na fremu inatupwa kimyakimya. Hakuna atakayekuambia. Programu ya juu itagundua kipande hakikufika, itaomba kirudiwe, nacho kitarudiwa, tena na tena. Ndiyo maana kebo mbovu mara nyingi haisemi "nimekufa". Inasema "niko polepole", na wewe unailaumu kompyuta.

Tahadhari ya mzunguko. Usichomeke kebo moja ncha zote mbili kwenye swichi ileile, wala kuunganisha swichi mbili kwa kebo mbili. Kuna fremu zinazotumwa kwa wote. Zikiingia kwenye mzunguko hazina pa kuishia: zinarudi na kutumwa upya mpaka mtandao wote unasimama. Swichi kubwa zina kinga ya jambo hilo, hizi ndogo za dukani nyingi hazina. Dalili ni taa zote kuwaka na kuzima pamoja kwa kasi hata watu wakiwa wamekwenda kula. Chomoa kebo moja moja mpaka zitulie. Mara nyingi aliyesababisha ni mfagiaji aliyeona kebo inaning'inia, akairudisha "mahali pake".

## Hatua ya 7: Soma taa, pima kasi

Taa ya tundu ikiwaka, vifaa viwili vimesalimiana na kukubaliana kasi. Haimaanishi zaidi ya hapo. Angalia sasa wamekubaliana kasi gani. Swichi nyingi zina rangi moja kwa gigabiti na nyingine kwa megabiti 100, na maelezo yapo kwenye boksi. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao, utaona kasi ya kiungo: 1000 au 100.

Kompyuta ya gigabiti ikionyesha 100, shuku kebo. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu: 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka zote nane. Kwa hiyo buluu au kahawia moja ikiwa haijashika, vifaa vinaweza kushuka hadi 100 bila kulalamika. Lakini usiikate kebo kabla ya kuangalia kifaa chenyewe: printa nyingi na laptopu za zamani mwisho wake ni 100.

Tofauti inaonekana wapi? Kwa wachapishaji inaonekana sana. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Faili la kalenda la megabaiti 700 litachukua sekunde 56 kwa hesabu ya karatasi, zaidi kidogo kwa uhalisia. Kwa gigabiti ni chini ya sekunde sita, kama diski zenu zinaendana na kasi hiyo. Mteja amesimama mlangoni, flashi mkononi, na wa pili nyuma yake. Faili hilo, kwa njia, ni zaidi ya fremu laki nne na nusu. Boda wetu ana kazi.

## Hatua ya 8: Anwani

MAC ni jina, nalo halitoshi. Ili kompyuta zizungumze kwa programu zetu za kawaida zinahitaji pia anwani ya IP, ambayo hutolewa na ruta kwa huduma iitwayo DHCP. Mtandao wa ndani mara nyingi huanza na 192.168.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `ipconfig`, bonyeza Enter. Tafuta mstari wa IPv4.

Ukiona 192.168.1.104 au mfano wake, vizuri. Ukiona inayoanza na 169.254, kompyuta imeita, imekosa wa kuijibu, ikajipa namba yenyewe. Kebo haijafika kwenye ruta, au DHCP imezimwa. Rudi kwenye kebo ya kati ya swichi na ruta kabla ya kugusa kingine.

Kisha andika `ping`, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, na anwani ya ruta, ile inayoonekana kwenye `ipconfig` kama lango (Default Gateway). Majibu manne bila kukosa, chini ya milisekunde moja au mbili: kebo, swichi na ruta ziko sawa. Ukitaka uhakika zaidi, tumia `ping -t`, acha dakika kumi, halafu zuia kwa Ctrl+C usome idadi ya zilizopotea. Kwa waya inapaswa kuwa sifuri, narudia, sifuri. Asilimia tatu kwenye waya ni ugonjwa.

Printa ipewe anwani isiyobadilika. Ikiwa ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, ipe printa 192.168.1.50, nje ya mgao, kwa kinyago (subnet mask) kilekile cha kompyuta, 255.255.255.0. Ukiiacha ipokee ovyo, umeme ukikatika na kurudi inaweza kuamka na namba nyingine, na kompyuta zote zitaendelea kuita namba ya zamani. Hii ndiyo "printa imepotea" ya kila wiki.

Kosa jingine ninalolikuta sana: mtu kaongeza ruta kuukuu ili ipate matundu zaidi. Sasa kuna ruta mbili, kila moja inagawa anwani, nusu ya kompyuta zinafuata huyu na nusu yule. Kama lazima uitumie, zima DHCP yake, ibadilishie anwani isigongane na ile kubwa, na chomeka kebo kwenye LAN yake.

## Hatua ya 9: Zionane

Sasa tu ndipo programu zinaingia. Kwenye kila kompyuta ya Windows, uambie kwamba mtandao huu ni wa faragha, si wa umma. Ukiwa wa umma, Windows inajificha kwa majirani, na hata ping kati ya kompyuta mbili inaweza kukosa jibu ilhali kebo ni nzima. Ndiyo maana nilisema upime ruta kwanza. Ruta kwa kawaida hujibu.

Kisha washa ushirikishaji wa faili na printa, shiriki folda moja tu yenye kazi za wateja, na uiwekee nenosiri. Usishiriki diski nzima. Kirusi kikiingia kompyuta moja kitashukuru.

Umefaulu ukiwa unachapa kutoka kwenye kila kompyuta baada ya kuchomoa kebo ya intaneti kwenye ruta. Lifanye jaribio hili mbele ya mwenye duka. Hajjati alipoona karatasi inatoka na bando halipo, alicheka mpaka akashika meza.

## Ikigoma siku nyingine

Usirukie katikati. Fuata njia hii, na usiende mbele mpaka ulipo pawe pazima:

Taa ya tundu inawaka? Haiwaki, badilisha kebo kwa nyingine unayoijua, kisha badilisha tundu. Inawaka, angalia kasi. Kasi ni sahihi, angalia anwani. Anwani ni sahihi, pima ping ya ruta. Ruta inajibu, basi tatizo ni la programu, na sasa una haki ya kumlaumu Windows.

Kompyuta moja ikigoma na nyingine ni nzima, badilishaneni kebo. Ugonjwa ukihama na kebo, ni kebo. Ukibaki, ni kompyuta au tundu lake. Inachukua dakika moja, na imeniokolea siku nzima mara nyingi.

Swichi na ruta zikae kwenye UPS. Umeme ukirudi kwa kishindo, adapta zao ndogo ndizo hufa mwanzo, na kuna zinazokufa nusu: taa inawaka lakini swichi inajizima na kujiwasha yenyewe. Ukiona hivyo jaribu adapta nyingine ya volti na ampia zilezile kabla ya kununua swichi mpya.

Ile karatasi ya Hatua ya 1, yenye namba za kebo, ongeza anwani ya printa na ya ruta, ibandike ndani ya kibweta cha swichi. Kando yake tundika kwenye msumari kebo moja fupi iliyopimwa, iliyoandikwa NZIMA, na mwambie kila mtu asiichukue.